Ulizo Nalo ni Msimbo: Hotuba Kuhusu Kujaribu Sehemu ya Programu Inayozungumza na Hifadhidata

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, na wenzangu mnaoandika na kutunza programu: nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie majaribio ya vitengo, yaani majaribio madogo yanayopima kipande kimoja kimoja cha msimbo, kwa ile sehemu ya programu inayotuma maulizo kwenye hifadhidata na kupokea majibu. Sitazunguka. Ninalotaka mlikubali kabla hatujaachana ni kwamba ulizo la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ni msimbo kamili, kwamba maana yake hupatikana ndani ya injini ya hifadhidata, yaani programu inayotunza data na kuyajibu maulizo, wala haimo katika Java, Python au lugha nyingine tuliyoiandikia programu, na kwamba jaribio lolote ambalo halikulifikisha ulizo kwenye injini hiyo halijalijaribu.

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data ihifadhiwe kwa mfumo wa mahusiano, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyo hiyo wakaieleza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye ikawa SQL. Lugha hii humtaka mwandishi aseme anachokitaka tu, na namna ya kukipata huachiwa injini. Huo ni urahisi mkubwa, lakini humwekea mjaribuji mtego, kwa sababu sentensi moja ya SQL yaweza kubeba masharti, uunganishaji wa majedwali, ujumlishaji na upangaji, mambo ambayo yangeandikwa kwa lugha ya kawaida ya programu yangejaza funksheni nzima yenye matawi kadhaa. Funksheni ya namna hiyo hakuna timu makini ambayo ingeiacha bila majaribio. Ulizo, kwa kuwa limekaa ndani ya alama za nukuu kama maandishi tu, hupita bila kuguswa na mtu.

Njia inayotumiwa sana ya kukwepa hifadhidata ni kutengeneza muunganisho bandia, ambao wengi wetu tunauita moki. Tunaiambia moki: ukiletewa ulizo hili, rudisha safumlalo hizi tatu, yaani mistari mitatu ya jedwali. Kisha tunaita funksheni yetu, tunapata safumlalo zile zile tatu, na jaribio linafaulu. Naomba tutazame kwa makini kilichothibitishwa hapo. Ikiwa jina la safuwima, yaani safu ya wima ya jedwali, limekosewa, moki haitajua. Ikiwa sharti la WHERE, linalochuja safumlalo, limegeuzwa, moki haitajua. Hata jedwali lenyewe likiwa limefutwa mwezi uliopita, jaribio litaendelea kufaulu. Zipo timu zinazokwenda mbali zaidi na kulinganisha maandishi ya ulizo, herufi kwa herufi, na maandishi yaliyonakiliwa ndani ya jaribio. Jaribio la aina hiyo husema tu kwamba mwandishi aliandika alichokiandika, na kila anapoliboresha ulizo bila kubadilisha maana yake, linashindwa bila sababu. Majaribio haya nayaona kuwa mabaya kuliko kutokuwa na jaribio kabisa, kwa kuwa yanatupa imani ambayo hatujaifanyia kazi.

Moki ina mahali pake, nami sitaki kuiondoa huko. Msimbo unaoamua kama mteja apewe punguzo, au unaopanga barua za kuwakumbusha wadaiwa, hauna haja ya kujua data imetoka wapi; huo upewe kitu bandia kilicho nyuma ya kiolesura kidogo, ujaribiwe kwa kasi, na hifadhidata isihusishwe. Kazi ya kwanza basi ni kutenganisha. Maulizo yote yakusanywe katika tabaka jembamba ambalo halifanyi jambo lingine ila kupokea vigezo, kutuma ulizo, na kuzigeuza safumlalo kuwa vitu vya programu. Juu ya tabaka hilo tumieni moki mpendavyo. Ndani yake, tumieni hifadhidata ya kweli.

Hapa ndipo wengine huuliza kama hayo bado ni majaribio ya vitengo. Michael Feathers, mtaalamu wa uandishi wa programu, aliandika mwaka 2005 kwamba jaribio linalozungumza na hifadhidata halihesabiwi kuwa jaribio la kitengo, na hoja yake ilikuwa ya msingi: majaribio yanayoendeshwa kila dakika lazima yawe mepesi. Lakini hakusema majaribio hayo ni mabaya; alikiri kuwa mara nyingi yanastahili kuandikwa, na akashauri yatengwe na yale mepesi. Nakubaliana naye, na kuhusu jina sina ugomvi na mtu. Kwangu kitengo ni funksheni moja yenye ulizo moja, inayopewa data chache zilizochaguliwa na kutazamwa jibu lake. Yaiteni mtakavyo, mradi yaandikwe.

Sasa, ni hifadhidata ipi? Kishawishi ni kutumia injini nyepesi inayokaa kwenye kumbukumbu, kama SQLite au H2, hata pale ambapo programu inapofanya kazi hutumia PostgreSQL, MySQL au Oracle. SQL ilipata kiwango cha ANSI mwaka 1986, na tangu hapo imezoeleka kudhaniwa kuwa injini zote zinasema lugha moja. Sivyo. SQLite, isipokuwa jedwali limetangazwa kuwa STRICT, yaani lenye kulazimisha aina za data, jambo lililowezekana kuanzia toleo la mwaka 2021, hupokea maandishi katika safuwima ya namba kamili bila kulalamika. Kwa kawaida pia hailazimishi funguo za kigeni, yaani viungo vya safumlalo za jedwali moja na za jingine, mpaka muunganisho uagizwe kufanya hivyo. LIKE, inayotafuta maandishi yanayofanana na kielelezo, katika SQLite haitofautishi herufi kubwa na ndogo za Kilatini za kawaida, ilhali PostgreSQL inazitofautisha. Oracle huyahesabu maandishi matupu kuwa NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwapo. Siilaumu SQLite hata kidogo. Ni miongoni mwa programu zilizojaribiwa kwa uangalifu wa hali ya juu, na kwa programu inayotumia SQLite katika kazi halisi hakuna injini nyingine ya kujaribia ila hiyo. Ninachosema ni kwamba jaribio lipitie injini ile ile, na ikiwezekana toleo lile lile, ambalo mtumiaji atalikuta. Tangu kontena, yaani vifurushi vya kuendeshea programu zikiwa zimetengwa, zienee na zana kama Testcontainers zipatikane, kuwasha PostgreSQL tupu kwa ajili ya majaribio na kuizima baada ya dakika chache si kazi kubwa tena, na kisingizio cha ugumu kimepungua nguvu.

Muundo wa hifadhidata hiyo ya majaribio ujengwe kwa maigresheni, yaani amri za kubadilisha muundo hatua kwa hatua, zile zile zinazojenga hifadhidata halisi, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Timu inayotunza faili tofauti la kujenga majedwali ya majaribio itajikuta, baada ya muda, inajaribu maulizo yake dhidi ya hifadhidata ambayo haipo popote duniani.

Hayo yote ni maandalizi. Uzito wa kazi hii uko katika kuchagua data, na hapo ndipo ninaomba tukae kwa muda, kwa sababu nimeona majaribio mengi yenye injini sahihi na muundo sahihi yakishindwa kugundua lolote kwa kuwa safumlalo zilizowekwa zilikuwa za upole mno.

Chukueni mfumo wa ankara. Kuna jedwali la wateja, la ankara, la vifungu vya kila ankara, na la malipo yaliyopokelewa. Tunataka ulizo litakaloonyesha, kwa kila ankara, jumla ya vifungu na jumla ya malipo. Mwandishi anaunganisha ankara na vifungu, kisha anaunganisha na malipo, kisha anajumlisha pande zote mbili. Jaribio lake lina ankara moja yenye kifungu kimoja cha 300 na malipo moja ya 120. Jibu linatoka 300 na 120, na kila mtu anaridhika. Sasa iwekeni ankara ile ile vifungu viwili, cha 100 na cha 200, na malipo mawili, ya 50 na ya 70. Jumla zinapaswa kubaki zile zile. Lakini uunganishaji humkutanisha kila kifungu na kila lipo, zinapatikana safumlalo nne, na ulizo linajibu 600 na 240. Hitilafu ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni safumlalo ya pili katika kila upande. Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni ambayo siivunji: kila uhusiano wa moja kwa wengi unaoguswa na ulizo, katika jaribio lazima uwe na mzazi asiye na mtoto, mzazi mwenye mtoto mmoja, na mzazi mwenye watoto wawili au zaidi.

Mzazi asiye na mtoto ana makosa yake anayoyafichua peke yake. Mkiandika LEFT JOIN, uunganishaji unaobakiza kila safumlalo ya jedwali la kwanza, ili ankara zisizo na malipo nazo zionekane, kisha mkaweka kwenye WHERE sharti linalohusu safuwima ya malipo, ankara hizo zitatoweka, kwa kuwa thamani zake upande huo ni NULL na sharti halitimii. Sharti lilitakiwa kukaa kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi. Vilevile COUNT(*) baada ya LEFT JOIN huihesabu ankara isiyo na malipo kuwa na lipo moja, ilhali COUNT ya safuwima ya malipo hutoa sifuri. Na SUM isipokuta safumlalo yoyote hujibu NULL, haijibu sifuri. Katika Python thamani hiyo itafika kama None na huenda ikavunja hesabu inayofuata, wakati katika JDBC, njia ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, funksheni ya getLong huigeuza kimyakimya kuwa 0, kiasi kwamba programu haiwezi kutofautisha "hakuna malipo" na "malipo ya sifuri" isipokuwa iulize kwa makusudi.

NULL inastahili kupewa nafasi katika kila seti ya data, hata pale ambapo mtunzi anaamini haiwezi kutokea. Tuseme tunatafuta wateja ambao hawana ankara, kwa kuandika kwamba namba ya mteja iwe NOT IN katika orodha ya namba za wateja zilizomo kwenye ankara. Ikitokea ankara moja tu ambayo safuwima yake ya mteja ina NULL, ulizo zima litarudisha orodha tupu, kwa sababu mantiki ya SQL ina hali tatu, kweli, uongo na isiyojulikana, na kulinganisha na NULL huzaa hali ya tatu. Hakuna kosa litakalotangazwa. Ripoti itatoka tupu, na msomaji atadhani wateja wote wana ankara. NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna safumlalo inayolingana, haina tatizo hilo. Jaribio lenye safumlalo moja ya NULL lingelionyesha siku ile ile ulizo lilipoandikwa.

Tarehe nazo. Ulizo linalotafuta malipo ya mwezi Machi kwa BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31', juu ya safuwima yenye tarehe pamoja na saa, huishia saa sita kamili ya usiku inapoanza tarehe 31, na malipo yote ya siku hiyo baada ya hapo yanaachwa nje. Wekeni katika jaribio lipo moja la mchana wa siku ya mwisho, na jingine la mwanzo kabisa wa Aprili. La kwanza lionekane, la pili lisionekane. Na saa isisomwe ndani ya ulizo ikiwa inaweza kupitishwa kama kigezo, kwani jaribio linalotegemea leo ni tarehe ngapi litashindwa siku ambayo hakuna aliyegusa msimbo.

Kuhusu mpangilio nitakuwa mfupi: bila ORDER BY hakuna mpangilio ulioahidiwa. Jaribio linalolinganisha orodha kwa kufuata nafasi, juu ya ulizo lisilo na ORDER BY, litafaulu leo na kushindwa kesho. Kama mpangilio haujalishi, linganisheni kama seti inayohesabu marudio. Kama unajalisha, uandikeni kwenye ulizo, pamoja na safuwima ya kuamua pale thamani mbili zinapolingana.

Maulizo yanayobadilisha data yanahitaji kitu kingine, ambacho mimi nakiita safumlalo jirani. Unapojaribu kufuta ankara moja, weka nyingine ya mteja yule yule na ya tatu ya mteja mwingine, kisha hakikisha kwamba hizo mbili zimebaki kama zilivyokuwa. UPDATE iliyosahau WHERE hufanya kazi kikamilifu katika jedwali lenye safumlalo moja. Msiridhike pia na idadi ya safumlalo ambayo injini inasema imezigusa. Zisomeni upya kutoka kwenye jedwali.

Vigezo vya maandishi tuvijaribu kwa thamani zenye alama ya ritifaa. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta, kwa kuwa kila neno lenye ng' inayo. Ulizo lililojengwa kwa kuunganisha vipande vya maandishi litavunjika likipewa neno kama "ng'ombe", kwa sababu injini itadhani maandishi yameishia kwenye ile alama, na palipo na mvunjiko wa namna hiyo ndipo mshambuliaji anapopenyeza SQL yake. Ulizo lenye vigezo vilivyofungwa ipasavyo, yaani thamani zinazotumwa kando na maandishi ya ulizo, litalipokea neno hilo na kulirudisha lilivyo. Na pale kigezo kinapoingia kwenye LIKE, ongezeni thamani zenye alama ya asilimia na ya mstari wa chini, kwani hizo huwa na maana ya pekee hata kigezo kikiwa kimefungwa vizuri.

Majaribio haya yasichafuane. Njia ya haraka ni kufungua muamala, yaani kundi la amri linalothibitishwa au kutenguliwa lote pamoja, mwanzoni mwa kila jaribio na kuutengua mwishoni, ili hifadhidata irudi ilivyokuwa. Naitumia na naipendekeza, lakini ina mipaka ambayo mwenye kuitumia lazima aijue. Katika PostgreSQL, namba zinazotolewa na mfuatano, yaani kihesabu cha namba za safumlalo mpya, hazirudi nyuma muamala unapotenguliwa, hivyo jaribio lisitarajie kwamba ankara ya kwanza itapata namba 1. Funksheni ya now() hutoa wakati muamala ulipoanza, hivyo safumlalo zote zilizoingizwa ndani ya jaribio moja zitakuwa na wakati ule ule, na ulizo linalozipanga kwa muda wa kuundwa halitakuwa limejaribiwa. Masharti yaliyoahirishwa hadi mwisho wa muamala hayatakaguliwa kamwe, maana mwisho huo haufiki. SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE hulazimisha yakaguliwe hapo hapo. Na jaribio linalosababisha kosa kwa makusudi, kwa mfano kuingiza namba ya ankara iliyokwisha kutumika, litaufanya muamala mzima ukatae amri nyingine yoyote, mpaka lirejee kwenye kituo cha SAVEPOINT kilichowekwa kabla. Katika MySQL, amri za kubadilisha muundo wa majedwali huuthibitisha muamala zenyewe, kwa hiyo haziwezi kutenguliwa. Pale mipaka hii inapobana, PostgreSQL huruhusu kunakili hifadhidata nzima kutoka kwenye kiolezo, na kila kundi la majaribio likapata nakala yake safi. Kasi nayo inaweza kuongezwa kwa kuzima fsync, inayohakikisha data imeandikwa kwenye diski, kwenye seva ya majaribio, mahali ambapo data ikipotea hakuna anayeumia. Kwenye seva halisi jambo hilo halifanywi.

Yapo maulizo ambayo jibu lake sahihi ni gumu kuliandika kwa mkono, hasa yale ya kuchuja yenye vigezo vingi vya hiari. Kwa hayo naazima wazo kutoka kwa wanaojaribu injini zenyewe. Watafiti Manuel Rigger na Zhendong Su walieleza mwaka 2020 mbinu ya kuligawa ulizo katika sehemu tatu: safumlalo ambazo sharti ni kweli, ambazo si kweli, na ambazo halijulikani kwa sababu ya NULL. Zikijumlishwa, sehemu hizo lazima zilingane na ulizo lisilo na sharti. Chombo chao, SQLancer, kimefichua mamia ya hitilafu katika injini zinazoheshimika. Sisi twaweza kufanya hivyo kwa maulizo yetu bila kuwa watafiti: ankara zilizolipwa, zisizolipwa na ambazo hali yake haijawekwa, zikijumlishwa, ziwe ankara zote, kila moja ikionekana mara moja tu. Uhusiano huo unajaribika bila kujua jibu lenyewe.

Baada ya kuandika jaribio, haribuni ulizo kwa makusudi. Geuzeni LEFT JOIN iwe JOIN, ondoeni sharti moja, badilisheni alama ya "ndogo kuliko" iwe "ndogo au sawa". Kama jaribio bado linafaulu, data yenu ina pengo, na sasa mnajua liko wapi. Ni kazi ya dakika chache, na sijaona njia bora zaidi ya kupima thamani ya jaribio la aina hii.

Yako mambo mawili ambayo majaribio haya hayatayafikia, na si haki kuyadai kutoka kwao. La kwanza ni kasi. Mpangaji wa injini huamua njia ya kusoma jedwali kwa kuzingatia ukubwa wake, na jedwali lenye safumlalo kumi mara nyingi atalisoma lote hata kama lina faharasa nzuri. Kwa hiyo kuukagua mpango wa utekelezaji ndani ya jaribio dogo hakutwambii kitu kuhusu jedwali lenye mamilioni. Kinachoweza kukaguliwa ni idadi ya maulizo. Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa Python, ina assertNumQueries kwa kazi hiyo, na inatosha kumkamata mwandishi ambaye, kwa ankara mia moja, ametuma ulizo moja la ankara na mengine mia moja ya wateja wake.

La pili ni ushindani. Miamala miwili ikisoma salio moja kwa wakati mmoja, kila mmoja ukaongeza lipo lake na kuandika jumla yake, lipo moja litapotea. Katika PostgreSQL kiwango cha kawaida cha utengano wa miamala ni READ COMMITTED, yaani kusoma yaliyothibitishwa tu, na kiwango hicho peke yake hakizuii jambo hili. Jaribio lililofungwa ndani ya muamala mmoja unaotenguliwa haliwezi kulionyesha, kwa kuwa linahitaji miunganisho miwili, kila mmoja na muamala wake, na hatua zilizopangwa ili wa pili usome kabla ya wa kwanza kuthibitisha. Andikeni majaribio hayo machache kando, kwa yale maulizo tu yanayosoma thamani kisha kuiandika upya, na ndani yake thibitisheni kwamba muunganisho wa pili kweli unasubiri pale yote miwili inapotumia SELECT ... FOR UPDATE, inayosoma safumlalo na kuzifunga. Wekeni pia kikomo cha muda wa kusubiri, ili kufuli lililosahaulika lisisimamishe majaribio yote. Nimeleta mfano mmoja wa jaribio kama hilo, na kwa idhini ya mwenyekiti, tunaweza kuupitia wakati wa maswali.